Shule inasema suala limekwisha, lakini mwanangu bado anasubiriwa njiani

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kitangiri hapa Mwanza na nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Naandika kuhusu mwanangu wa pili. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa ya serikali. Jina la shule naomba nisilitaje kwa sababu bado anasoma hapo.

Mtoto huyu ni mpole na umbo lake ni dogo. Tangu mwaka uanze kuna vijana watatu wa kidato cha tatu wanamwandama. Wanamwita "Dagaa". Mwanzoni niliona ni utani wa watoto, hata nilicheka, maana ndiyo kazi inayotulisha. Kumbe mwenzangu anaumia. Shilingi 1,000 ninayompa ya uji na andazi wanaichukua saa nne nyuma ya vyoo. Asipokuwa nayo wanamvua viatu wanaondoka navyo, inabidi avifuate darasani kwao na soksi tupu, darasa zima likimwangalia. Siku moja alirudi shati limechanika kutoka kwapani hadi kiunoni, akasema amenaswa kwenye bati. Nikashona, nikanyamaza. Dada yake, anayesoma hapo hapo kidato cha kwanza, ndiye aliyeniambia ukweli usiku wakati mwenzake amelala. Na mmoja wa hao vijana ni kiranja.

Nilikwenda shule. Mwalimu wa darasa alinisikiliza amesimama mlangoni, akaniambia, "Mama, watoto wa kiume ndivyo wanavyokomazana. Atazoea." Nikarudi siku nyingine, nikampata mwalimu wa nidhamu. Huyu alikuwa mkali kweli, nikafurahi. Kesho yake asubuhi mstarini akamwita mwanangu mbele ya shule nzima, akamwambia awataje. Akawataja. Wakachapwa wote watatu, na mwanangu naye akala viboko viwili "kwa kukaa kimya muda wote huo". Halafu wakaambiwa washikane mikono, wasameheane, yaishe.

Mwalimu, hapo ndipo balaa lilipoanza upya. Shuleni hawamgusi. Wanamsubiri akishavuka barabara, pale anapoanza kupanda kwenye mawe kuja nyumbani. Wanasema amewachoma. Hata mwenzake aliyekuwa anakaa naye dawati moja ameomba kuhama kwa kuogopa kuonekana naye. Halafu wamechukua picha ya sura yake, wakaiunganisha na mwili wa dagaa mkavu, wakairusha kwenye grupu la WhatsApp la wanafunzi. Dada yake aliiona kwenye simu ya jirani.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti, akasema, "Mama, suala hili lilishughulikiwa na limekwisha. Tukilikuza tutaichafua shule." Nikatoka sina la kusema.

Sasa kila Jumapili jioni tumbo linamuuma. Jumatatu anaomba twende wote Mwaloni, anasema atanisaidia kufunga magunia. Baba yake yuko kambini visiwani, anavua dagaa, tunamwona kipindi cha mbalamwezi tu wanapopumzika. Kwenye simu anasema nimwache mtoto akomae, hata yeye alipigwa sana shuleni. Kaka yangu ni dereva wa bodaboda, anasema nimwonyeshe tu hao vijana, atawasubiri na wenzake wa kijiweni na hawatarudia. Jirani anasema nimhamishe.

Nimwachie kaka yangu? Nimhamishe? Niende polisi? Au ni kweli suala limekwisha na mimi ndiye ninayelikuza?

Mama wa Kitangiri

JIBU

Marahaba, mama. Pole sana. Na hongera kwa kufika mpaka kwa mkuu wa shule, maana wazazi wengi huishia kwenye ule mlango wa mwalimu wa darasa.

Nianze na kaka yako, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuharibu kila kitu ndani ya dakika tano. Asiwasubiri vijana wa watu. Kisheria hao nao ni watoto, kama wa kwako. Siku mtu mzima wa kijiweni atakapomnasa mmoja wao kibao, hadithi itageuka: polisi watamtafuta yeye, wazazi wa wale vijana watajaa shuleni wakiwa ndio wenye kulalamika, na mkuu wa shule atashusha pumzi. Lakini usimvunje moyo, maana ana pikipiki na anampenda mpwa wake. Mpe kazi inayofaa. Kwa wiki kadhaa, kila siku shule inapofungwa, awe anampokea pale barabarani kabla hajaanza kupanda mawe. Asimsemeshe mtu, asimkunjie mtu uso, ampakie waende. Hao wanaomsubiri watachoka kusubiri, na wewe utapata nafasi ya kushughulika na shule bila kuwaza saa tisa atarudi vipi.

Sasa hilo la "limekwisha". Mimi nimefundisha sekondari, nimekuwa pia mwalimu wa malezi, na najua sentensi hiyo inavyozaliwa. Taarifa ya uonevu ikifika ofisini, inaingia kwenye mzunguko wa makosa mengine yote: kuchelewa, kutochomekea, kutoroka kipindi. Kosa limetajwa, mkosaji amepatikana, fimbo imetembea, daftari limefungwa. Kwa mwalimu wa nidhamu mwenye foleni ya kesi na vipindi vyake vya kufundisha, hapo kweli limekwisha. Hajadanganya. Ila hakuna aliyerudi baada ya wiki moja kumuuliza mwanao: bado wanakufuata? Wapi? Saa ngapi? Swali hilo halimo kwenye mzunguko, ndiyo maana mkuu wa shule anaweza kukuambia kwa moyo mweupe kwamba mambo yameisha huku mtoto anavuliwa utu wake hatua chache nje ya geti.

Nakuomba uangalie kwa makini yaliyofanyika pale mstarini, maana ndiyo yaliyokuletea hali uliyonayo sasa. Taarifa ililetwa na mzazi, ofisini, kwa faragha. Shule ikaitangaza. Mtoto wa miaka 14, mwenye umbo dogo, akalazimishwa kunyoosha kidole mbele ya mamia ya wenzake. Kuanzia dakika ile, kwa wale vijana kosa lao halikuwa tena kumwonea. Yeye ndiye aliyekosa, kwa kuwachoma. Na wengine wote waliosimama mstarini walijifunza jambo moja: ukisema, unachapwa na wewe. Kama kuna mtoto mwingine pale shuleni ananyang'anywa hela ya uji, ametia mdomo kufuli. Mwalimu wa nidhamu ataona taarifa zimepungua na atadhani ukali wake umefanya kazi.

Kuhusu vile viboko viwili, ujue kwamba fimbo shuleni ina kanuni zake. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2002, viboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, havizidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, na adhabu inaandikwa kitabuni. Kukaa kimya kwa hofu si kosa la nidhamu, achilia mbali kosa kubwa. Lakini usiingie ofisini na hoja hii mkononi kama panga. Ukianza nayo, kikao kizima kitakuwa cha walimu kujitetea na mwanao atasahaulika mezani. Iweke akiba. Ikifikia hatua ya kwenda juu, utaitaja.

La tatu ni kushikana mikono, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sisi tunapenda sana kupatanisha. Wawili waliozozana kwa sababu ya mpira, wakapigana, kila mmoja akatoa na kupokea, hao wapatanishe, watasahau kabla kengele ya mchana haijalia. Uonevu ni kitu kingine. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyetafiti jambo hili kwa miongo mingi huko Norwei, alitoa vigezo ambavyo walimu wa nchi nyingi wanavitumia hadi leo: anayefanya amekusudia kuumiza, anarudia rudia, na kuna tofauti ya nguvu kati yao kiasi kwamba anayeonewa hawezi kujitetea kirahisi. Kwa mwanao vyote vipo. Watatu kwa mmoja, kidato cha tatu kwa kidato cha pili, na mmoja ana cheo cha ukiranja. Ukimwambia huyu mdogo awape mkono na kusamehe, unamtaka akiri kwamba naye alikuwa na mchango wake. Alikuwa na mchango gani? Mama yake kuuza dagaa?

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni hapana. Hulikuzi.

Ila nataka ubadilishe unachokwenda kudai. Barua yako, kama nyingi ninazopokea, inauliza kwa chini chini: wataadhibiwa lini ipasavyo? Walishaadhibiwa, na umeona matokeo. Safari hii nenda na swali jingine: kesho saa nne, mwanangu akiwa na shilingi 1,000 mfukoni, nani atakuwa nyuma ya vyoo? Mwalimu gani, kwa jina? Swali hili mkuu wa shule hawezi kulijibu kwa "limekwisha". Kila shule ina mwalimu wa zamu. Akiambiwa kwamba kwa mwezi huu kituo chake cha mapumziko ni kule nyuma badala ya kivulini karibu na ofisi, hilo halihitaji bajeti, mafunzo wala kibali cha mtu. Sehemu kubwa ya uonevu wa shule za kutwa hutokea mahali pale pale na saa ile ile, na wanafunzi wote wanapajua. Mahali hapo wanapajua wote isipokuwa ofisi.

Kwanza ongea na mwanao. Si usiku akiwa amelala na wewe ukizungumza na dada yake, na si kwa kumhoji. Mchukue Jumamosi, mkiwa na kazi mikononi, mwambie unajua na humlaumu. Mwambie unakusudia kurudi shule, lakini hutaki asimamishwe tena mstarini, na umuulize yeye anaogopa nini zaidi. Huenda atakutajia kitu ambacho hakimo kwenye barua yako. Andika anayosema: siku, saa, mahali, nani alikuwepo. Shati ulilolishona, lihifadhi. Akirudi na alama mwilini, piga picha siku hiyo hiyo. Na dada yake usimtaje popote, si kwa kaka yako, si kwa mwalimu. Yule binti ndiye macho yako ndani ya shule na hana kinga yoyote.

Halafu andika barua. Maneno ya mdomo umeshayapeleka na unaona yalikoishia. Usiogope kuandika, mbona hii uliyonitumia imenyooka kuliko nyingi za ofisini. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Mkuu wa Shule, na kichwa chake kiwe "Yah: Usalama wa mtoto wangu shuleni". Eleza matukio kwa tarehe, bila matusi na bila kusema hao ni majambazi. Kisha malizia hivi, ukitaka nakili tu:

"Naomba shule inieleze kwa maandishi mwalimu atakayesimamia usalama wa mtoto wangu, hatua zitakazochukuliwa wakati wa mapumziko na wakati wa kutoka shuleni, na tarehe ambayo tutakutana tena kuangalia kama hali imebadilika. Naomba pia mtoto wangu asiitwe mstarini wala asihojiwe mbele ya wanaomsumbua."

Chini weka nakala kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule na kwa Afisa Elimu Kata. Toa kopi, peleka mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe. Utashangaa jinsi muhuri unavyobadilisha sauti ya mtu. Kitu kilichopokelewa kwa muhuri hakisemwi tena "limekwisha" kirahisi, kwa sababu siku mtoto akivunjwa mkono, karatasi itauliza nani alijua.

Kwenye kikao usiende peke yako. Kama baba atakuwa amerudi kipindi cha mbalamwezi, aje naye, hata kama haamini sana. Baba anayesema "na mimi nilipigwa" mara nyingi hubadilika akimsikia mtoto wake mwenyewe akieleza, kwa sauti yake, habari ya kutembea na soksi mbele ya darasa. Muulize pia, kwa upole mkiwa wawili, kama kupigwa kule kulimkomaza au kulimfanya aache shule mapema. Sijui jibu lake. Asipopatikana, chukua mtu mzima mwingine mtulivu, na kwa heshima zote huyo mtu si kaka yako.

Omba mwalimu wa malezi awepo kikaoni. Huyu ndiye kiungo ambacho hakikuguswa kabisa katika habari yako, na shuleni kazi yake hasa ndiyo hii. Siku hizi yapo pia madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto katika shule nyingi, yenye walimu waliopangiwa kupokea taarifa za watoto. Uliza la kwao linaongozwa na nani. Mkikuta ni bango tu ukutani, hiyo nayo ni taarifa, iandike.

Kuhusu yule kiranja, mkuu wa shule ana wajibu wa pekee. Cheo kile ametoa yeye. Kijana anayechukua hela za wadogo akiwa amevaa beji ya shule anawafundisha wenzake kwamba shule iko upande wake. Omba avuliwe cheo hicho wakati suala linachunguzwa. Hapo sioni haja ya kubembelezana. Lakini hao watatu wasiitwe tena kwa pamoja. Mwalimu mwenye busara atamwita mmoja mmoja, bila kusema nani amesema nini ("tumeona wenyewe yanayotokea saa nne"), atawaita na wazazi wao, kila mzazi kwa wakati wake, na atawaeleza kwamba atakuwa anawaangalia. Wakati mwingine katika kundi la watatu mmoja anafuata tu kwa kuogopa asigeuziwe yeye. Akiitwa peke yake analegea.

Wazazi wao usiwafuate nyumbani. Najua mtaani ndiko tunakozoea kumalizia mambo, kwa balozi au kwa mwenyekiti wa mtaa, na mara nyingine inasaidia. Kwa jambo la shule, kutaneni shuleni, mezani, mwalimu akiwepo. Nyumbani kwa mtu kila mtoto ni malaika.

Na yule mwenzake aliyehama dawati, usimchukie. Ni mtoto anayejiokoa. Ila yeye na wengine wa aina yake ndio dawa ambayo shule zetu haziitumii. Kule Ufini kuna mpango wa shule unaoitwa KiVa, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Turku, na msingi wake ni wanafunzi wanaotazama. Mwalimu huchagua wachache wanaopendwa darasani na kuwaomba, kwa faragha, wakae karibu na anayeonewa: wale naye, watoke naye, wacheke naye badala ya kumcheka. Mwonevu anahitaji watazamaji wanaocheka. Mwalimu wa darasa, yule wa mlangoni, anaweza kulifanya hili bila kumwambia mtu. Mpe nafasi hiyo. Kwa darasa lenye wanafunzi wengi kama yetu ya sasa, na vipindi vyake juu, sitegemei awe mwovu, nategemea amechoka, na mtu aliyechoka akipewa jambo moja dogo la kufanya huwa analifanya.

Ile picha ya WhatsApp ihifadhi kabla haijafutwa: mwombe jirani aipige skrinishoti pamoja na jina la grupu, tarehe na namba iliyoirusha. Usiisambaze kwa ndugu "waone walivyomfanyia mtoto", maana utakuwa unaendeleza kazi yao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao, na wazazi wenye simu hizo wanapaswa kulijua hilo, kwa sababu simu ya kumrushia mtoto wa mwenzio picha ya kumdhalilisha kuna mtu mzima aliyeinunua. Kwa sasa ningeipeleka kikaoni shuleni kwanza. Polisi kwa ajili ya picha hii peke yake, na kwa vijana wa umri huo, naona ni mapema.

Polisi si mapema kama akiumizwa. Akipigwa njiani hadi kuumia, usisubiri Jumatatu wala mwalimu. Nenda kituoni, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mpeleke hospitali. Na kama wanamtishia kwa kisu, wanamvua nguo au wanamshika sehemu zake za siri, hilo limeshatoka kwenye nidhamu ya shule siku nyingi, hata kama mkuu wa shule atakuomba lizungumzwe kwanza.

Tumbo la Jumapili usilipuuze. Mpeleke zahanati apimwe, inawezekana kuna tumbo kweli, na kwa watu wa ziwani kichocho si kitu cha ajabu. Lakini tumbo linalouma Jumapili jioni na kupona Ijumaa mchana mara nyingi ni woga. Ukimsikia anasema amechoka kuishi, au bora asingekuwepo, au ameanza kugawa vitu vyake, usimwambie aache upuuzi. Usimwache peke yake siku hiyo, mpeleke hospitali. Bugando wana idara ya afya ya akili. Ipo pia namba 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, na yeye mwenyewe anaweza kuipiga bila wewe kuwa karibu. Mwandikie nyuma ya daftari.

Kwenda naye Mwaloni siku za shule, kataa, kwa upole. Jumamosi aje. Akizoea kwamba Jumatatu magunia yanamwokoa, kidato cha tatu hatakifika, na wale vijana watakuwa wamemfukuza shule bila kugusa kalamu. Na kuhusu lile jina, siwezi kumpangia mtoto asione aibu. Ila kwenye shule ya pale Mwanza, nina hakika nusu ya sare za darasa lake zimelipiwa na ziwa.

Wiki mbili baada ya barua kupokelewa, kama hujapata jibu au umepata jibu la mdomo lile lile, panda ngazi. Anza na Afisa Elimu Kata. Akikuzungusha, nenda kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Hapa watu wengi wa Mwanza hupotezwa: kama shule iko upande wa Ilemela, ofisi ni ya Manispaa ya Ilemela, ikiwa upande wa Nyamagana, ni Halmashauri ya Jiji. Usipande daladala kwenda ofisi isiyohusika. Katika halmashauri hiyo hiyo muone na afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa anapojua haki za mtoto zinavunjwa, kwa hiyo usijione unakwenda kushtaki walimu. Beba ile nakala yenye muhuri, daftari la matukio, na shati.

Kuhamisha nimekuweka mwisho makusudi. Nimeona watoto waliohamishwa wakapona kabisa, na nimeona waliofuatwa na jina lao mpaka shule mpya, kwa sababu grupu la WhatsApp halina uzio. Mwanao yuko kidato cha pili, ana upimaji wa kitaifa mwezi Novemba, na mtoto akishasajiliwa kwenye shule moja, kumhamisha katikati kuna mizunguko ya barua kutoka shule hii hadi ile kupitia kwa maafisa elimu. Mpe mkuu wa shule nafasi ya barua hii kwanza. Ikifika mwisho wa muhula bado mwanao anapita njia ya kujificha, au yeye mwenyewe akikuambia akiwa ametulia kwamba pale hawezi tena, muhamishe bila kuona aibu, aanze kidato cha tatu kwingine mwezi Januari. Ombi la uhamisho liandike mapema, kabla walimu hawajafunga ofisi za likizo ya Desemba, na katika sehemu ya sababu usiandike "familia kuhama makazi". Andika iliyo kweli.